Minyaa Iliyotembea

Bi Maua alitoka nyumbani kwake Jumanne na Ijumaa tu. Alitoka mgongoni.

Mwanawe, Idrisa, alichuchumaa mbele ya kitanda. Zuwena, mke wa Idrisa, alimwinua mama mkwe wake na kumweka juu ya mgongo wa mumewe. Kisha alimfunika kanga usoni. Kanga ile haikuwa ya pambo. Ilikuwa ya kumkinga macho na utomvu mkali wa minyaa, mimea ya ua iliyobana njia.

Kichochoro chao kilikuwa Mtaa wa Wapagazi, mjini Tabora. Kulia kulikuwa na ua wa minyaa. Kushoto kulikuwa na ua wa minyaa. Katikati palibaki nafasi ya mtu mmoja, naye apite ubavuubavu. Mwenye ndoo alimngoja mwenzake atoke kwanza. Bajaji haikuingia. Mkokoteni haukuingia. Mtu akifa, jeneza lilipitishwa juu ya vichwa, na wabebaji walitokea upande wa pili wana michirizi myeupe mabegani.

Zamani haikuwa hivyo. Wazee walisema kwamba misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita hapo. Wapagazi wawili wenye mizigo walipishana bila kugusana. Walipita hapo pia watu waliofungwa minyororo shingoni. Hayo hayasahauliki, na yasisahauliwe. Njia ile ilibeba mizigo ya wageni miaka na miaka. Sasa ilishindwa kumpitisha mama mmoja mwenye mguu mmoja.

Kiti cha magurudumu Bi Maua alikuwa nacho. Alipewa na waumini wa msikiti wao. Lakini kiti kilikaa dukani kwa Ngollo, kando ya barabara kubwa, kwa kuwa kichochoroni hakikupita. Ngollo alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Alitoka Igunga zamani, na utani haukumwisha mdomoni.

"Shikamoo, Bi Maua," alisema Jumanne moja, akifuta vumbi kwenye kiti. "Gari lako limelala salama."

"Marahaba. Umelilisha?"

"Limegoma kula. Linasema linamtaka mwenyewe."

Bi Maua alicheka kidogo. Idrisa hakucheka. Alikuwa ameshika kiuno. Alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini na minane, na mgongo wake ulizoea kuinama juu ya nguo, si kubeba mtu.

Kule zahanati nesi alifungua kitambaa cha kidonda. Bi Maua alikuwa na kisukari. Mguu wa kushoto ulikatwa miaka miwili iliyopita. Sasa kidonda kilikuwa kwenye kisigino cha mguu wa kulia. Nesi alikitazama kwa muda mrefu.

"Mama, hiki kinatakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja," alisema. "Nyinyi mnakuja mara mbili kwa wiki. Wiki iliyopita mmekuja mara moja."

Idrisa alieleza habari za mgongo, za kazi na za kichochoro. Nesi hakumfokea. Alisema tu kwamba mguu wa kwanza ulianza vilevile. Nao ulicheleweshwa vilevile.

Bi Maua akauliza, "Nina muda gani?"

"Mvua zikikolea na nyinyi bado mnakuja hivi, sitakuahidi kitu."

Ulikuwa mwezi wa kumi. Mawingu yalishaanza kukusanyika.

Idrisa alirudi nyumbani na hasira. Alimlaza mama yake, akachukua panga, akatoka. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na nyumba ya Mzee Lukumani, mgane aliyekaa peke yake. Ua wa Lukumani ulitokeza njiani kuliko nyua zote, kama tumbo. Idrisa akaanza kuukata.

Lukumani alitoka, akasimama nyuma ya minyaa yake. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Acha."

"Mama yangu anaoza kwa sababu ya ua wako," Idrisa alisema, na panga likashuka tena. Utomvu uliruka. Ukamwingia jicho la kulia. Akaangusha panga, akapiga magoti.

Aliyemfikia kwanza alikuwa Gerson, jirani wa nyumba ya tatu. Alimshika mikono yote miwili ili asifikiche jicho. Aliita maji safi, maji mengi. Alimwinamisha kichwa upande na kummiminia jichoni polepole, ndoo ya kwanza, kisha ya pili. Idrisa alipotaka kuinuka, Gerson alimkalisha. Alimwambia kwamba utomvu wa minyaa huweza kupofusha, na maji ya kiganja kimoja hayatoshi. Baada ya hapo alimpeleka zahanati.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la zahanati, Idrisa amefungwa jicho moja, Gerson alipomuuliza, "Umekata ua wa mwenzio. Wa kwako umeupima?"

"Wangu hauna tatizo."

"Nani kakwambia?"

Gerson alijua anachosema. Alishika mnyororo wa wapima ardhi miaka thelathini. Alipima Igalula, alipima Usinge, alipima mashamba ya Ntalikwa. Darasa la upimaji hakulikanyaga. Alijifunza kwa kushika mnyororo, kutazama na kuuliza. Alimweleza Idrisa jambo ambalo kila mtu mtaani alilitenda na hakuna aliyeliona.

Ua wa minyaa ukizeeka, chini hutoboka. Kuku hutoka, mbuzi huingia. Mwenye nyumba anataka kuuziba. Je, anapanda wapi vijiti vipya? Ndani hapandi, maana ndani kuna banda, kuna kamba ya nguo, kuna mboga. Anapanda nje. Nusu hatua tu. Miaka miwili ikipita, mstari mpya umefunga, na ule wa zamani anaukata kuwa kuni. Ua umetembea. Jirani wa mbele naye ua wake unatembea. Baada ya miaka arobaini njia imeliwa, na hakuna mtu anayejiona mwizi.

"Basi twende manispaa," alisema Idrisa.

"Tutakwenda. Lakini tusiende mikono mitupu."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Ngollo aliitisha mkutano wa mtaa kwenye uwanja wa madrasa. Watu walikuja wamenuna. Walikuwa na sababu. Miaka kumi na minane nyuma lilikuja gari jeupe. Watu wenye karatasi walichora mstari mnyoofu kwa rula na kupaka X nyekundu kwenye nyumba kumi na moja. Hawakumuuliza mtu hata jina. Wakaondoka. Watu wakabaki wanaishi na X ukutani. Nani aezeke bati jipya kwenye nyumba yenye X? Nani apige lipu? Nyumba zilichakaa mbele ya macho ya wenyewe. Mzee mmoja alikufa akiitazama X yake kila asubuhi. Na barabara haikuja.

Kwa hiyo Gerson aliposema neno "barabara", wengine walisimama waondoke.

"Kaeni," alisema Gerson. "Wale walichora kwa sababu sisi tulikuwa kimya. Mahali pasipo na neno la wenyeji, mtu wa ofisini huweka rula. Safari hii tuchore wenyewe. Wao waje kuthibitisha."

Alieleza namna. Mtaa ukutane, na yanayosemwa yaandikwe kwenye muhtasari. Wachaguliwe watu wa kamati, wanaume na wanawake, wa nyumba za mbele na za nyuma. Njia ipatikane kwa makubaliano. Kila mwenye nyumba aweke sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi. Nakala moja ibaki mtaani, nyingine iende kwa mtendaji wa kata. Baada ya hapo ndipo aitwe mpima.

Mtu mmoja akauliza mpaka wa zamani utajulikanaje, na waliopanda nyua za kwanza wamekwisha kufa.

"Mnyaa ukikatwa kuwa kuni, kisiki kinabaki ardhini," alijibu Gerson. "Kila mtu achimbe kwake mwenyewe. Jirani wa mbele asimame atazame. Mstari wa visiki ulio ndani kabisa, ndio mpaka."

Watu walitazamana. Ngollo akasema kwamba sasa itajulikana nani alikula njia na nani alilamba tu. Watu walicheka, lakini si sana.

Idrisa alitaka kuwa wa kwanza. Alikuwa na hakika. Alichukua jembe, na Lukumani akaja kusimama shahidi, mikono nyuma. Hatua moja ndani ya ua, jembe liligonga kisiki. Kikafuata kingine, na kingine, vimepangwa mstari. Idrisa alichimba mbele zaidi. Mstari wa pili. Alichimba tena. Wa tatu. Jasho lilimtoka. Mstari wa nne ulipita chini ya kibanda chake cha cherehani, na nusu ya kibanda ilisimama juu ya njia ya watu.

Lukumani alivitazama visiki tu, na hilo lilimuuma Idrisa kuliko matusi.

Aliingia ndani kumwambia mama yake. Bi Maua alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto.

"Mstari wa pili niliupanda mimi," alisema. "Nilikuwa na mimba yako. Nilitaka mahali pa kuanikia michembe ya viazi."

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilisahau. Mtu huchukua nusu hatua, anasahau. Nimekumbuka sasa, kwa sababu nimefungiwa humu." Akaongeza, "Bomoa hicho kibanda, baba. Ukianza wewe, watu watakuwa hawana la kusema."

Siku hiyohiyo Idrisa alitoa cherehani yake na kuiweka barazani. Alikibomoa kibanda mwenyewe, ubao baada ya ubao, mchana kweupe, watu wakimwona. Kesho yake nyumba nne zilichimba. Kesho kutwa zilichimba saba, na nyingine zikafuata. Wengine walikuta mistari miwili, wengine mitano. Mwanamke mmoja alikuta amejenga choo kizima njiani, akakaa chini akashika kichwa. Kamati iliandika kila nyumba. Choo kile walikubaliana kukihamisha pamoja, kwa kazi ya msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu.

Nyumba moja tu haikuchimba. Ilikuwa ya Lukumani.

Alisema hapana mara ya kwanza. Alisema hapana mara ya pili. Hakutoa sababu. Watu walianza kumsema. Walisema mzee hana mke, hana mtoto, anamwekea nani ardhi. Ngollo alimtania dukani kwamba atazikwa na minyaa yake. Lukumani aliacha chumvi aliyokuja kununua, akaondoka. Wengine walitaka kamati iingie kwa nguvu. Gerson alikataa. Aliwaambia kwamba wakiingia kwa nguvu watakuwa wamepaka X kwa mikono yao wenyewe.

Wakati huo mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Kichochoro kikawa tope. Idrisa aliteleza na mama yake mgongoni, na siku ile hawakufika zahanati. Kidonda kilianza kunuka.

Bi Maua alisikia yanayosemwa juu ya Lukumani. Alimwita Idrisa. "Nibebe," alisema. "Si zahanati. Nipeleke kwa Lukumani. Kisha mtoke wote."

Idrisa alimvusha, akamweka kwenye kiti barazani kwa Lukumani, akaondoka. Wazee wale wawili walikaa nusu saa. Idrisa alikuwa upande wa pili wa minyaa na hakusikia kitu. Aliporudi kumchukua, alimkuta Lukumani amefunika uso kwa kofia yake. Alimuuliza mama yake wamezungumza nini.

"Mimi nilikuwa mkunga wa mtaa huu," alijibu Bi Maua. "Mkunga hasemi. Atasema mwenyewe, akitaka."

Jumapili mkutano uliitishwa tena. Lukumani alikuja. Alisimama mwisho, na hakungoja kuulizwa.

"Pale kwenye ua wangu yupo mwanangu," alisema. "Alizaliwa hajatimia. Hakulia. Bi Maua alimpokea, mimi nikamchimbia, karibu na minyaa. Watu walipita karibu mno. Mke wangu alisikia kila hatua. Nikausogeza ua. Bado alisikia. Nikausogeza tena. Mke wangu amekufa, na mimi nimebaki naye pale. Sasa mkitaka, chimbeni."

Ngollo aliinuka, akavua kofia, akaenda kusimama karibu na yule mzee. Hakutania. Alisema, "Mzee wangu, nisamehe."

Kisha wote walimtazama Gerson. Gerson alichukua kijiti akachora mchangani. Alieleza kwamba njia si lazima inyooke. Rula ndiyo inayotaka kunyooka. Njia hutaka kupitika. Inaweza kuja, ikapinda kulizunguka kaburi, ikarudi. Lakini pale itakapopinda, nyumba ya mbele italazimika kutoa hatua mbili zaidi, ndani ya mpaka wake halali. Nyumba ya mbele ilikuwa ya Idrisa. Na katika hatua mbili zile palikuwa na jiko la Zuwena.

Idrisa alimgeukia mkewe. Zuwena ndiye aliyepika humo miaka kumi na tisa, na ukuta wake aliukandika kwa mikono yake.

"Kwa sheria sehemu hii si ya kuchukuliwa," alisema Gerson. "Ni yenu. Mkikataa, hakuna wa kuwalaumu."

Zuwena alisema, "Jiko nitajenga jingine. Mtoto wa watu hawezi kuhama."

Iliandikwa kwenye muhtasari hivyohivyo. Lukumani aliweka sahihi. Zuwena na Idrisa waliweka sahihi chini yake.

Kazi ilichukua siku tisa. Walikata minyaa asubuhi kabla ya jua kali, wamevaa mashati ya mikono mirefu, na kila mtu alifunika macho. Ndoo za maji safi zilikuwa karibu muda wote. Matawi hawakuyachoma, maana moshi wake nao unadhuru. Waliyachukua kwa mkokoteni, na huo ulikuwa mkokoteni wa kwanza kupita hapo tangu wengi wazaliwe. Upande wa chini walichimba mfereji wa maji ya mvua. Mipakani hawakupanda minyaa tena. Waliweka mawe, yakazikwa nusu, kwa sababu jiwe halisogei lenyewe.

Wakati kazi inaendelea, kamati ilipanga zamu ya kumbeba Bi Maua kwenda zahanati, watu wawili wawili, kila baada ya siku moja. Ingeweza kupangwa miaka miwili nyuma. Haikupangwa, na mguu mmoja ulikwenda. Hilo liandikwe pia.

Mpima wa manispaa, kijana mmoja, alipokuja, alitazama kona ya njia, akaitazama karatasi yake. Alisema kwamba ingependeza zaidi ikinyooka. Ngollo alimpa muhtasari wenye sahihi za nyumba zote ishirini na sita. Yule kijana alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Ukurasa wa tatu aliusoma akiwa amekaa. Aliuliza kaburi lenyewe liko wapi, wakamwonyesha. Akaiweka njia kwenye ramani kama ilivyo, na kona yake. Alisema kwamba ramani ikipitishwa, kila mwenye nyumba ataweza kuomba hati yake, na zile X za zamani hazitakuwa na maana tena. Jioni hiyo watu walionekana wakisugua kuta.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, mvua ikiwa katikati, nesi alifungua kitambaa na kukitazama kisigino. Nyama ilikuwa nyekundu na safi. Kidonda kilikuwa kimejifunga kwa zaidi ya nusu. Alisema Bi Maua aendelee na dawa zake, asikose kusafishwa, na kila jioni mtu amtazame unyayo. Lakini mguu huu, alisema, utabaki.

Idrisa alikisukuma kiti kutoka zahanati mpaka mwanzo wa njia yao. Tope halikuwepo. Maji yalikuwa yakishuka mferejini.

"Niachie," alisema Bi Maua.

"Mama, kuna kilima kidogo hapo."

"Nimesema niachie."

Idrisa aliondoa mikono. Bi Maua alishika magurudumu. Alisukuma kidogo, akapumzika, akasukuma tena. Watu walitoka milangoni wakasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Alifika kwenye kona, akapunguza mwendo. Lukumani alikuwa amekaa barazani kwake, na ua haukuwepo tena kati yao. Walisalimiana kwa kichwa.

Zuwena alikuwa amefungua mlango na kusogeza mkeka ili kiti kiingie. Bi Maua aliufikia mlango wake. Akaupita, akaendelea mbele. Miaka miwili hakuwa ameona njia ile inaishia wapi, na mikono yake bado ilikuwa na nguvu.